Binti wa Broadway, mama wa Katwe: Lupita Nyong'o na hadithi za watoto wanaokua

Machi 2016, katika ukumbi wa Golden huko Broadway, New York, Lupita Nyong'o alikuwa akiibuka kutoka chini ya beseni kubwa akiwa msichana wa miaka 15. Tamthilia yenyewe, Eclipsed ya Danai Gurira, inasimulia maisha ya wanawake waliotekwa na kamanda wa waasi nchini Liberia mwaka 2003, na msichana huyo, ambaye mwandishi hakumpa jina zaidi ya Binti, amefichwa na wenzake ili kamanda asimtie machoni. Mwezi uliofuata sauti ya Lupita ikasikika kwenye majumba ya sinema akiwa mbwa mwitu jike aliyelea mtoto wa binadamu. Ilipofika Septemba akarudi kwenye skrini kwa sura yake mwenyewe: mjane wa Katwe, Kampala, mama wa msichana ambaye umri wake haupishani sana na wa yule Binti wa Broadway. Lupita alikuwa na miaka 33.

Mwaka mmoja, mtoto na mama wa mtoto. Huwa naukumbuka mwaka huo kila ninaposikia watu wakibishana kama Lupita ana filamu za vijana au hana. Wanaosema hana wana hoja, maana tangu aingie Hollywood, kwenye filamu zake zote zinazohusu kukua, anayekua ni mtoto mwingine. Wanaosema anazo hutaja Queen of Katwe na kuishia hapo. Kinachosahaulika ni kwamba hadithi ya mtoto huwa na mtu mzima ndani yake, na mtu mzima huyo akiigizwa vibaya, mtoto anabaki akicheza peke yake. Akiigizwa vizuri, tunajua mtoto anatoka wapi, anaogopa nini, na akiondoka nyumbani anaacha nini nyuma. Hapo ndipo Lupita amefanya kazi yake, na kila mara kwa namna tofauti.

Umri wake na umri wa mhusika ulilingana mapema sana. Akiwa na miaka 14, Nairobi, kundi la Phoenix Players lilimpa nafasi ya Juliet wa Shakespeare, na Juliet naye kwenye tamthilia ndio kwanza anakaribia 14. Baada ya hapo akapitia mlango wa nyuma wa sinema: alifanya kazi nyuma ya kamera kwenye The Constant Gardener, iliyopigwa Kenya, kisha kwenye The Namesake ya Mira Nair. Jina hilo la Nair tutalirudia.

Mwaka 2009 akatokea kwenye runinga akiwa Ayira katika Shuga, mfululizo wa MTV uliopigwa Nairobi kwa lengo la kuwazungumzisha vijana kuhusu mapenzi na virusi vya UKIMWI. Ayira ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Ana mpenzi wa rika lake, na bado anavutwa na mwanamume mkubwa mwenye uwezo, yule ambaye Nairobi ya leo ingemwita sponsa. Tamthilia za kufunza zina mtego wake: mhusika hugeuka bango. Anafanya kosa, anaadhibiwa, mtazamaji anaambiwa usifanye hivi. Lupita alimnusuru Ayira na mtego huo kwa kumfanya awe na hesabu. Ukimtazama unaona msichana mwenye akili anayejua anachokitaka na anayeamini kwamba ameshaipima hatari. Kijana anayeangalia hawezi kujisemea "mimi si mjinga kama huyu", kwa sababu Ayira si mjinga. Kama kuna kitu kilichofanya vijana wengi wauchukulie mfululizo ule kama maisha yao wenyewe badala ya mhadhara wa zahanati, kwa maoni yangu ni hicho.

Halafu ikaja 12 Years a Slave, filamu kuhusu utumwa wa Marekani, na tuzo ya Oscar ya Machi 2014. Hiyo si hadithi ya vijana, kwa hiyo siikalii. Ila ukumbuke aliyemtaja siku ile jukwaani: alisema sanamu ile imkumbushe yeye na kila mtoto mdogo kwamba ndoto zao zina haki ya kuwepo, popote wanapotoka. Watu waliichukua kama maneno matamu ya usiku wa tuzo. Kwa kuangalia kazi alizofanya baadaye, mimi naiona kama ahadi.

Ahadi hiyo haikutimia upesi. Baada ya tuzo, kazi kubwa zilizomfuata zilimficha sura. Kwenye Star Wars ya 2015 alikuwa Maz Kanata, kiumbe aliyetengenezwa kwa kompyuta kutokana na mienendo ya mwili wake. Kwenye The Jungle Book ya 2016, ya Jon Favreau, alikuwa sauti ya Raksha, mama mbwa mwitu. Wengi walilalamika, na nadhani walikuwa na haki: mwanamke mweusi tii, aliyetoka kuthibitisha kwamba uso wake unaweza kubeba filamu nzima, anapewa kazi zisizoonyesha uso huo. Yeye mwenyewe aliirudia Eclipsed, tamthilia aliyoijua tangu 2009 alipokuwa mwanafunzi wa uigizaji Yale na mwigizaji wa akiba wa nafasi hiyohiyo ya Binti.

Na hapa kuna jambo la ufundi linalostahili kuelezwa. Mtu wa miaka 33 anawezaje kuwa msichana wa 15? Jukwaani inawezekana kwa sababu mtazamaji yuko mbali na anasoma mwili: namna Binti anavyokaa, anavyoinuka upesi, anavyoulizauliza. Binti anajua kusoma na wenzake hawajui, kwa hiyo anawasomea kitabu kuhusu Bill Clinton, na furaha yake anaposoma ni ya mtoto aliyerudi darasani. Kisha anashika bunduki, na mwili uleule unakakamaa. Kamera ya filamu haina msamaha huo. Inasogea hadi kwenye ngozi ya shavu, na mtu mzima anayejifanya mtoto hugundulika papo hapo. Ndiyo maana mwigizaji akishavuka miaka thelathini, sinema humhamishia upande wa pili wa meza ya chakula. Kwa wanawake uhamisho huo huja mapema mno, na wengi huupokea kama kushushwa cheo. Lupita aliupokea kupitia Nakku Harriet, yule mjane wa Katwe.

Queen of Katwe iliongozwa na Mira Nair, yuleyule, ambaye kwa miaka mingi ameifanya Kampala kuwa nyumbani kwake. Inasimulia maisha ya kweli ya Phiona Mutesi, msichana aliyekuwa akiuza mahindi Katwe na akaishia kuichezea Uganda sataranji kwenye Olimpiadi ya mchezo huo. Phiona anaigizwa na Madina Nalwanga, binti wa Kampala aliyepatikana kwenye kundi la ngoma na ambaye hakuwa amewahi kuigiza filamu. Mwalimu Robert Katende ni David Oyelowo.

Filamu za namna hii zina umbo linalojulikana. Mtoto maskini ana kipaji, mwalimu anakiona, mzazi anapinga, mtoto anashinda, mzazi analia kwa furaha. Katika umbo hilo mzazi ni kizuizi tu. Harriet naye anapinga. Anapomsikia Katende akisemea mchezo huu, anahisi ni kamari, na anakwenda kumkabili. Lakini tazama jinsi Lupita anavyousimamisha upinzani huo. Harriet amemzika mume, na binti yake mkubwa, Night, amepanda nyuma ya pikipiki ya mwanamume na kwenda zake. Mwanamume mwema anayekuja kusema "nipe mtoto wako, nitampeleka mbali" ni sauti ambayo mwanamke huyu ameshaisikia. Anachokiogopa ni kile kitakachotokea Phiona akiuona ulimwengu mwingine kisha mlango wake ukafungwa, arudi Katwe akiwa hana pa kukaa, si kule wala huku. Na filamu inamthibitishia. Phiona anarudi kutoka kwenye mashindano akiwa hataki kuteka maji, hataki kuuza mahindi, na hata kulala kwenye chumba chao kunamwia vigumu. Mama alikuwa ameliona hilo kabla ya mwalimu.

Kuna mlolongo mmoja katikati ya filamu ambao kila nikiuona nanyamaza. Brian, mdogo wake Phiona, anagongwa na pikipiki. Hospitalini anatibiwa, lakini pesa ya kulipa haipo, na familia inatoroka naye. Wakifika nyumbani wanakuta vitu vyao nje, wamefukuzwa kwa sababu ya kodi. Mwigizaji mwingine angelia hapo, na angekuwa na haki. Lupita anamfanya Harriet aanze kupanga. Macho yanahesabu: vitu vipi vinabebeka, nani atabeba nini, usiku unaingia saa ngapi. Nani hajamwona mama wa hivyo? Kilio kinaahirishwa hadi watoto walale, na mara nyingi hata hapo hakiji.

Na ipo sehemu ambapo anakwenda kuuza nguo yake ya thamani ili apate pesa ya mafuta ya taa, Phiona apate mwanga wa kusomea kitabu cha sataranji. Harriet haelewi kilichoandikwa kwenye kitabu hicho na filamu haimtungii hotuba ya kusema sasa ninakuamini. Mkono unatoa nguo, mkono unapokea pesa. Kwangu mimi hicho ndicho kilele cha filamu, zaidi ya mchezo wowote wa kwenye ubao.

Mtu aliyekulia Afrika Mashariki atasikia na kitu kingine. Lupita, mtoto wa Nairobi, hazungumzi Kiingereza cha Nairobi. Amekiacha, akachukua lafudhi ya Kampala, yenye Kiganda chini yake. Hollywood imezoea lafudhi moja ya "Mwafrika" isiyo ya mji wowote, kwa hiyo bidii ile si ndogo. Tena ilikuwa lazima: amezungukwa na watoto wa Kampala wanaozungumza kama wanavyozungumza kila siku. Mtoto asiyefunzwa kuigiza hasemi sentensi vilevile mara mbili. Leo anatulia kabla ya kujibu, kesho anajibu mara moja. Mwigizaji mzoefu aliyejifungia kwenye mpango wake huonekana wa plastiki kando yake. Kwa hiyo mtoto anaposifiwa kwa uasilia wake, nusu ya sifa hiyo ni ya mtu mzima aliyejua kusikiliza.

Raksha wa The Jungle Book tunaweza kumpitia haraka. Mowgli, yaani Neel Sethi, ndiye mtu wa kweli karibu peke yake kwenye skrini, na msitu mzima ulitengenezwa kwa kompyuta kwenye studio za Los Angeles. Raksha ana dakika chache. Kazi yake ni kumpenda mtoto asiyemzaa na kisha kumwachia aende, kwa sababu simba milia Shere Khan anamtaka na kundi haliwezi kumlinda. Lupita anasema maneno ya kuagana kwa sauti ya chini, karibu na sikio, na inatosha. Ni kazi nzuri ndogo. Kilichonivutia ni kwamba aliifanya jirani kabisa na Harriet: mama mmoja anamkatalia mtoto kuondoka, mwingine anamruhusu, na sauti haifanani hata kidogo.

Mwaka 2019 alitoa filamu mbili za kutisha, na zote mbili zina watoto.

Ya kwanza ni Little Monsters ya Mwaustralia Abe Forsythe. Miss Caroline, mwalimu wa chekechea, amewapeleka watoto wake matembezini kwenye shamba la wanyama, na mazombi yanavamia. Hiyo ni filamu kuhusu watoto isiyofaa kuonwa na watoto, jambo linalowachanganya wazazi wanaosoma jina tu. Ina damu na matusi mengi. Mambo yote yamesimama juu ya uamuzi mmoja wa mwalimu: watoto wasijue. Anawaambia ni mchezo. Gauni lake la manjano linachafuka damu, anasema ni jamu. Anachukua ukulele na kuwaimbisha huku mlango ukigongwa na wafu.

Ugumu wa uhusika huu ni kuigiza watu wawili kwa uso mmoja. Watoto wanapaswa kuuona uso usio na wasiwasi, na sisi tunapaswa kuiona hofu iliyo nyuma yake, wakati huohuo, kwenye picha hiyohiyo. Akiizidisha hofu, watoto wa darasani wangeigundua na hadithi ingevunjika. Akiizidisha furaha, tungemwona ana kichaa. Lupita anaiweka hofu shingoni na mabegani, akauacha uso kwa watoto. Ukitaka kujua kwa nini tunamwamini mwalimu huyu kwenye filamu ambayo nusu yake ni utumbo uliomwagika, chunguza mabega yale.

Ya pili ni Us ya Jordan Peele, na kama hujaiona, ruka aya hii na inayofuata, kwa sababu siwezi kuieleza bila kufichua siri yake. Adelaide ni mama wa watoto wawili, Zora na Jason. Familia inakwenda likizo karibu na Santa Cruz, California, na usiku wanavamiwa na watu wanaofanana nao sura kwa sura. Anayefanana na Adelaide anaitwa Red, na Lupita anawaigiza wote wawili. Chanzo cha yote ni usiku wa mwaka 1986, Adelaide akiwa msichana mdogo aliyepotea kwenye nyumba ya vioo ufukweni. Mwishoni tunajua kwamba watoto wawili walibadilishana mahali usiku ule. Mama tuliyekuwa upande wake ni yule aliyetoka chini ya ardhi, na adui mwenye sauti ya kukwaruza ndiye mtoto aliyeibiwa maisha yake.

Irudie filamu ukilijua hilo, uone alichokuwa akikipanda tangu mwanzo. Adelaide hapendi mazungumzo ya kupitisha wakati, maneno yanamtoka kwa kazi. Red anatembea kwa mwili wima kama mtu aliyewahi kufunzwa kucheza dansi, na analieleza jambo lake kama mtoto anayesimulia hadithi, hapo zamani za kale. Mtu mzima mmoja ana mtoto aliyemmeza, mwingine ana mtoto aliyekwama. Sauti ile ya Red ilizua malalamiko: Lupita alisema aliitoa kwenye ugonjwa halisi wa koo unaokaza nyuzi za sauti, mashirika ya watu wenye ulemavu yakasema si haki ugonjwa wa mtu kuwa sauti ya jinamizi, naye akaomba radhi. Naona malalamiko yalikuwa ya haki. Naona pia kwamba ndani ya filamu sauti ile ina sababu yake, maana Red alikabwa koo akiwa mtoto, na mkono uliomkaba ulikuwa wa mtoto mwenzake.

Kisha 2024, The Wild Robot, katuni ya Chris Sanders iliyotokana na kitabu cha Peter Brown. Roboti aitwaye Roz anatupwa na dhoruba kwenye kisiwa cha wanyama pori. Katika kuhangaika kwake anaangukia kiota cha bata bukini na kuiua familia nzima. Linabaki yai moja. Yai linapoanguliwa, kifaranga anamwona Roz kwanza, na kwake huyo ndiye mama.

Roz ameundwa kutekeleza kazi. Apewe kazi, aifanye, aulize kama mteja ameridhika. Sasa amepewa mtoto wa kulisha, wa kufunza kuogelea, na wa kufunza kuruka kabla majira ya baridi hayajafika na bata wenzake hawajahama. Lupita alieleza kwamba sauti ya Roz aliianzia kwenye zile sauti za wasaidizi wa simu, Siri na Alexa, zenye uchangamfu usiochoka. Mwanzoni ndivyo anavyosikika: kila sentensi inainuka mwishoni kama tangazo la biashara. Halafu kidogo kidogo uchangamfu unapungua na nafasi kati ya maneno inaongezeka. Hakuna mahali unapoweza kuweka kidole na kusema hapa ndipo alipobadilika. Mtu anayelea mtoto kwa mara ya kwanza hubadilika hivyohivyo, sauti inashuka bila yeye kuamua.

Kuna siku Brightbill, kifaranga yule, anagundua aliyeiua familia yake. Roz hajitetei. Mtoto ana hasira, na mama mwenyewe anajua hasira hiyo ni halali, na bado kazi ya kumfunza kuruka haijaisha na majira hayasubiri. Hapo nilimkumbuka Harriet, amesimama mlangoni na Phiona aliyerudi na kiburi cha ng'ambo. Kati ya filamu hizo mbili ni miaka minane. Mmoja ni mwanamke wa kweli wa Katwe na mwingine ni chuma kilichochorwa, lakini wote wawili wanalea mtoto atakayeruka kwenda mahali wao wasipoweza kufika, na wanalazimika kumfunza wenyewe.

Brightbill anapoondoka na kundi, Roz anakimbia kwenye ukingo wa jabali kumsindikiza hadi ardhi inapokwisha.

Queen of Katwe inamalizia kwa namna nyingine, na watu wengi huwa wameshasimama kutafuta viatu vyao wakati huo, kwa hiyo hawaioni. Majina yanapoanza kupita, waigizaji wanatokea mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anafuatwa na mtu halisi aliyemwigiza. Phiona anakuja kando ya Madina, na Katende kando ya Oyelowo. Na Nakku Harriet, aliyeuza mahindi Katwe ili watoto wapate kula, anakuja kusimama bega kwa bega na mwanamke wa Nairobi aliyekuwa amevaa maisha yake.